Waasisi Hawakuvuka Ziwa

Keti, Colby. Na usiniambie tena nipumzike. Kupumzika kwangu kuko njiani na hakuhitaji tarishi. Karin, binti yangu, washa kinasa sauti cha simu yako uilaze hapa kifuani pangu, karibu na mdomo, maana pumzi yangu siku hizi ni tairi lenye pancha, linajazwa asubuhi na kufika saa sita limekwisha kulala chini. Na wewe, Gordon Pruett, Gordie wangu, uliyesimama dirishani na koti lako mwilini kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, simama ukipenda, miguu ni yako, lakini masikio niazime. Ninyi watatu ndio warithi wangu. Binti niliyemzaa, rafiki niliyemchagua awe kaka mdogo wangu katika chama miaka sitini na mitatu iliyopita, na kijana huyu, rais wa mwaka huu wa Omikroni Ro, chama chetu cha wanafunzi wa chuo, ambaye sikumzaa wala sikumchagua, lakini ndiye aliyeshika nyundo ya mkutano siku ninazokufa, basi nifanyeje.

Nianze na mali, kwa kuwa mali ni jambo jepesi. Nyumba hii na vilivyomo ni vya Karin, isipokuwa vitu vitatu. Keekee yangu ya kutobolea barafu, ile ndefu yenye mpini mwekundu nyuma ya mlango, ni ya nyumba ya Omikroni Ro. Daftari lililomo ndani ya kopo la misumari, rafu ya pili kule kwenye banda la zana, ni la nyumba ya Omikroni Ro. Na meza hii, ambayo kitanda changu cha hospitali kimesukumwa hadi kuigusa ili nilione ziwa na niwaone watu wanaokula, nayo ni yao. Karin, najua umekulia hapa, umefanyia hapa hesabu zako zote, na mama yako alikandia unga hapa. Hata hivyo si yetu. Tumekaa na amana ya watu miaka hamsini na mitatu, na leo nitawaambia ni ya nani, mkinipa nafasi ya kumaliza sentensi, nafasi ambayo Colby amekuwa akininyima tangu Jumanne.

Maana Jumanne nilimwita peke yake, nikamwambia kwa upole: mwanangu, Jumamosi msivuke. Nikamwambia Kivuko, hiyo desturi yenu ya kuvuka ziwa lililoganda kila Februari, ni uongo, waasisi hawakuvuka chochote. Na huyu mtoto alifanya nini? Alisimama wima pale penye jokofu, akaweka mikono nyuma, akafumba macho, akaanza kunisomea kwa moyo: "Katika Februari ya mwaka 1911, ndugu saba, waliofukuzwa na mkuu wa chuo kwa kosa la kupendana, waliuza viatu vyao wapate kodi ya chumba, wakavuka Ziwa Pellan lililoganda, kwa soksi tupu, hatua mia saba, wakiimba, na wa saba akimbeba wa sita mgongoni." Neno kwa neno. Hakukosea hata koma. Kisha akafumbua macho akaniambia, "Hiyo ndiyo historia, mzee. Labda umesahau."

Nimesahau. Mimi. Wanangu, nimeishi miaka themanini na mitatu na sijawahi kusomewa maneno yangu mwenyewe na mtu anayenisikitikia kwa kutoyajua. Hayo niliyaandika mimi, Lyle Tostrud, Alhamisi moja ya Oktoba 1961, baina ya chakula cha mchana na kipindi cha jiometria, nimekaa kitandani, na viatu vyangu vimewekwa juu ya bomba la kupasha chumba joto vikauke. Ndiyo maana waasisi wakavuka kwa soksi. Niliangalia chini nikaona soksi zangu.

Msicheke. Colby, wewe cheka, Gordie ndiye asicheke. Mwaka ule theluji ilipoyeyuka, maji yaliingia ghorofa ya chini ya nyumba yetu yakala kabati la kumbukumbu, mihutasari ya miaka hamsini ikawa uji wa karatasi. Na mimi nilikuwa mtunza historia, cheo nilichopewa kwa sababu sikuwa na sauti ya kuimba wala mabega ya kuchezea mpira. Usiku wa sikukuu ya nusu karne ulipobaki mmoja, rais wetu wa wakati ule, Walt Emmerling, Mungu amrehemu, alichungulia mlangoni na mswaki mdomoni. "Lyle, wazee waliohitimu wanakuja kesho, wanataka historia. Ukurasa mmoja tu. Uutie chumvi."

"Chumvi kiasi gani?"

"Nataka walie kabla kahawa haijaletwa."

Basi nikatia chumvi. Mwasisi wa mwisho alikuwa amezikwa mwaka mmoja nyuma, hakukuwa na mtu wa kunisahihisha. Nilisoma, wakalia. Mzee mmoja mwenye ndevu alisimama, akapangusa miwani, akasema ndivyo alivyosimuliwa yeye pia tangu zamani, na kwamba nimesahau tu jina la wimbo waliouimba. Jifunzeni hapo, wanangu. Ukimwambia mtu uongo unaompendeza, atakuongezea na kipande alichokuwa nacho nyumbani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imevuka ziwa mara sitini na mbili, na kila mara kwa miguu ya watoto wa watu.

Gordie, ulikuwepo. Ulikuwa mwanagenzi, bado hujapokelewa rasmi chamani, miaka kumi na minane, umekaa meza ya nyuma kabisa na masikio yako mekundu. Ulinifuata jikoni nikiosha vikombe, ukaniuliza, "Lyle, kama wao walivuka, mbona sisi hatuvuki?" Jibu lilikuwa sentensi moja. Ningekuambia: hawakuvuka, nimetunga, chukua kitambaa ukaushe vikombe. Lakini nilikuwa bado naogelea ndani ya makofi ya wale wazee, na nilikupenda, na uso wako ulikuwa unawaka kama taa mpya, nikakuambia, "Vuka wewe uone." Februari ukavuka, wewe na wenzako watano, kwa soksi. Mwaka ule barafu ilikuwa inchi ishirini, lori la mbao lingepita. Mimi nilisimama ufukweni na chupa ya kahawa. Andikeni hilo: mtunzi wa Kivuko hajawahi kuvuka. Niliogopa baridi.

Mimi niliandika, wewe ulivua viatu. Baada ya hapo hakuna aliyehitajika tena, kitu kilitembea chenyewe. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na likichelewa Omikroni Ro watalifanyia sherehe. Mwaka 1966 wakaamua kila mwanagenzi ayakariri maneno yangu huku ameshika njiti ya kiberiti inayowaka, ayamalize kabla moto haujafika kidoleni. Mwaka 1974 wakaamua soksi ziwe za buluu. Mwaka 1980 wakaanza kupiga kura ya nani abebwe mgongoni, kwa sababu mimi mpumbavu niliandika kwamba wa saba alimbeba wa sita, na sababu ya kuandika hivyo ni kwamba sentensi ilikuwa haina mwisho mzuri. Ilihitaji mzigo mwishoni ili iketi sawasawa. Kwa ajili ya mwendo wa sentensi yangu, kila Februari watu wawili wenye afya wanaweka uzito wa wawili juu ya soksi za mmoja, mahali pamoja, juu ya maji. Na mimi kazi yangu ilikuwa kupima ardhi. Nilikuwa najua uzito ni kitu gani.

Nipe maji, Karin. Kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotamani kurusha mto. Mwaka 1971 nilikuwa mpimaji wa kaunti, nikatumwa kuchora upya mwambao wa ziwa. Nikaenda ofisi ya ramani kutafuta mchoro wa zamani wa kulinganisha, nikaletewa wa mwaka 1909. Nikaukunjua mezani. Nikatafuta ziwa. Nikaugeuza juu chini nikatafuta tena. Ziwa halikuwepo. Palipo ziwa palikuwa na kijito cha kuruka kwa mguu mmoja, na shamba la viazi la mtu anayeitwa Ole Skarset. Ziwa Pellan lilizaliwa mwaka 1926, lilipojengwa bwawa la umeme. Waasisi wetu wangetaka kuvuka mwaka 1911 wangevuka viazi.

Na wala si siri. Lipo bamba la shaba pale kwenye ukuta wa bwawa, lenye herufi kubwa kama ngumi: LIMEJENGWA 1926. Ninyi mnapita hapo kila asubuhi mkikimbia. Mnalikalia mkila aiskrimu. Colby, wewe umenitumia picha ya mchumba wako ameegemea hilo bamba, kiwiko chake kiko juu ya ile sita ya mwisho. Chama hiki kimetoa wahandisi, kimetoa mahakimu wawili, kimetoa profesa wa miamba na mito, na kila mmoja alisimama juu ya kiti na njiti inayowaka akasema 1911, kisha akatoka nje akapita mbele ya 1926, na hakuna hata mmoja aliyesema, subirini kwanza. Yule mzee mwenye ndevu aliyelia alihitimu mwaka 1925. Kavuna viazi pale kwa mikono yake, alitueleza mwenyewe mezani. Naye alilia. Kunja mkono wa shati, Colby, mwonyeshe Karin. Anaona aibu sasa; Jumanne hakuona. Mawimbi matatu na mwaka 1911, kwa wino usiofutika. Mwanangu, umejichora mawimbi juu ya shamba la viazi.

Haya, ficha. Si kosa lako. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini aliyefundishwa kwa kiberiti hutazama kidole chake tu.

Aibu ya ile ramani ndiyo iliyonipeleka kutafuta ukweli, miaka kumi baada ya kuuhitaji. Nikauliza mjini nani anawakumbuka waasisi wa Omikroni Ro. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja, Bi. Solveig Ruud, mtengeneza kofia mstaafu, aliyeishi juu ya duka la dawa. Nikamwambia nilichotaka. Akasema, "Ah, wale wavulana wa meza."

Meza hii. Mama yake alikuwa mjane, akipangisha vyumba, na wale saba walikula hapa miaka mitatu. Bibi yule wakati huo alikuwa na miaka tisa na kazi yake ilikuwa kuleta vijiko. Akaniambia, "Mama alikuwa akiwagombeza kila siku. Uji unapoa, kuleni. Nao hawali, wanamsubiri mwenzao mmoja yuko nje anafunga kamba za viatu. Uji umekuwa jiwe, wao wamekaa wanatazamana kama watu wa kanisani." Viatu, mnasikia? Walikuwa navyo. Akanipa daftari lao la mikutano, na alipohamia kwa mpwa wake akanipa na meza, maana haikupita mlangoni kule.

Daftari lile nimelisoma hadi kurasa zimelainika kama kitambaa. Hakuna ziwa. Kuna malalamiko. Kikao cha tatu: lalamiko kuhusu supu. Kikao cha nne: lalamiko kuhusu aliyelalamikia supu. Lakini ukurasa wa kwanza kabisa unaeleza kwa nini wapo. Katika ukumbi wa chakula wa chuo, wanafunzi maskini walisoma kwa kuwapakulia wenzao; walisimama nyuma ya viti vya watu wa umri wao, wakila wao mwisho, kwa kusimama, makombo yaliyopoa. Wawili kati ya wale saba walikuwa wapakuzi. Siku moja ya Novemba, hao watano wengine waliketi, wakapakuliwa, na wakakataa kuinua uma mpaka hao wawili waketi nao. Hawakupiga kelele. Walikaa tu na chakula kikapoa. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nne mkuu wa chuo akawaambia kama mnapenda sana kukaa pamoja, nendeni mkakae kwingine. Wakaenda kwa mama Ruud, wakavuka barabara, Colby. Barabara yenye matope, upana wa hatua ishirini. Na sheria yao ya kwanza, kwa mwandiko mbaya wa mmoja aliyeitwa Ansel Boedeker, ni hii: hakuna anayekula mpaka wa mwisho ameketi.

Basi. Hiyo ndiyo siri ya Omikroni Ro. Inatosha sentensi moja na haihitaji soksi.

Ingia chini ya meza, Colby. Usinitazame hivyo, ingia, una miaka ishirini na moja, magoti yako bado yanafanya kazi. Washa tochi ya simu. Upande wa dirisha, karibu na mguu. Soma kwa sauti. Boedeker. Endelea. Hilo la tatu ni Thaddeus, alichonga herufi kinyume, kisu cha kipumbavu. Wangapi? Saba. Ndiyo. Waguse na kidole. Karin, wewe ulikuwa ukijificha humo ukiwa mdogo ukaniuliza, "Baba, akina nani hawa wameandika kwenye meza yetu?" nami nikakuambia ni maseremala. Nisamehe. Hata huo ulikuwa uongo mzuri.

Mtaniuliza kwa nini nimekaa kimya miaka hamsini na mitatu. Nusu ya kwanza ilikuwa ni majivuno, sina jina jingine la kuipa. Nilialikwa kila Februari. Nilikuwa nawekwa kiti cha mbele, vijana wananiletea pai, wananiita mlinzi wa historia. Nilijiambia nafsini mwangu: barafu ni nene, wana furaha, Kivuko kimewapa ujasiri, aliyelala usimwamshe. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa, nikazaa kizazi baada ya kizazi, na wote wana soksi za buluu.

Nusu ya pili, Gordie, ni vidole vya Neil.

Usigeukie dirisha. Nimengoja miaka thelathini na mmoja useme wewe kwanza, na sasa sina muda wa kuona nani mshindi. Februari 1993 mwanao Neil alivuka akiwa amebeba mwenzake, barafu ikapasuka karibu na ufuko wa ng'ambo, maji yakamfika magotini, naye hakumtua mwenzake wala hakukimbia, kwa sababu maandiko yangu yalisema hatua mia saba na yeye alikuwa kwenye ya mia tano na kitu. Alizimaliza. Wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilikuja hospitali. Tulisimama kwenye mashine ya soda, wewe na mimi, nikafungua mdomo: "Gordie, kuhusu hiki Kivuko, kuna jambo." Ukanishika ukosi wa shati. Hujawahi kunishika hivyo kabla wala baadaye. Ukaniambia, "Mwanangu ametoa vidole viwili. Usithubutu kuniambia ni vya bure."

Nikanyamaza. Nikaenda nyumbani nikanyamaza. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa wazee waliohitimu, nilitoa hoja kwamba Kivuko kisimamishwe, bila kusema kwa nini, na wewe mwenyekiti ukasimama ukasema damu imekwisha kukitia sahihi. Kura arobaini kwa tatu. Tangu siku hiyo hujaketi mezani kwangu. Umekuja kumzika mke wangu, ukasimama. Umeniletea samaki kila kiangazi, umesimama mlangoni na ndoo mkononi, "Siketi, Lyle, nina haraka." Haraka ya wapi, mtu amestaafu?

Mimi nadhani ulijua. Sijui ulijua nini, lakini mtu hamkabi mwenzake kabla hajasema ila anajua kinachokuja. Nami leo nakujibu, kwa kuchelewa. Vidole vya Neil havikuwa vya bure. Hakumtua mwenzake. Hilo ni lake, hakuna ramani inayoweza kumnyang'anya, na hao saba waliomo chini ya meza wangemfanyia nafasi wakae naye. Bure ilikuwa ni njia tuliyompitisha, mimi na wewe. Uongo haugeuki kweli kwa kuwa mtu ameulipia, Gordie. Unageuka tu kuwa ghali, na kila mwaka tunaogopa zaidi kuurudisha dukani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wako anaitwa Teddy. Ana miaka kumi na tisa, ni mwanagenzi wa mwaka huu, na Jumamosi saa mbili asubuhi ndiye aliyepigiwa kura kubeba. Colby aliniambia kwa fahari, kwamba Mzee Pruett atasimama ufukweni mwenyewe kumtazama wa tatu katika ukoo wake.

Karin, waambie ulichofanya jana. Hapana, nitasema mimi, wewe una huruma. Jana alichukua ile keekee akatoboa mashimo matatu kwenye mstari wao. Karibu na ufuko, inchi nne. Katikati, inchi tatu. Penye mdomo wa kijito, ambako mstari wenu unapita kwa sababu mwaka 1962 Gordie alielekea mnara wa kanisa, inchi mbili, tena barafu nyeupe yenye vitundu kama sukari iliyolowa. Januari nzima imenyesha mvua badala ya theluji. Wavuvi wamekwisha kuvuta vibanda vyao nje, na hao ni watu ambao hukaa juu ya barafu hadi mbwa wao waanze kuondoka. Nilipomwambia Colby hayo kwa simu jana jioni akasema, "Tutachukua kamba, mzee." Kamba. "Na ngazi." Na ngazi. Chuo kimekataza, sheria ya jimbo imekataza, nanyi dawa yenu ilikuwa kubadilisha jina, siku hizi inaitwa Matembezi ya Hiari. Maji hayasomi majina, mwanangu.

Lakini Jumanne alisema na neno moja la kweli, nami nalishika. Alisema, "Mimi ni kura moja. Wenzangu hawatamsikiliza mgonjwa. Mzee Pruett akisema, wataacha kuvuka." Sawa. Basi wosia wangu, ukiondoa misumari na mbao, ni mtu mmoja kusema neno moja.

Nipandishe mto, Karin. Hapo.

Maagizo. Nitayasema mafupi. Colby, Ijumaa mlete vijana wanne na gari, mwibebe meza. Ing'oeni miguu, mlango huu nao ni mwembamba. Msiiweke ukutani, msiizungushie kamba, msiipake rangi ya buluu. Kuleni juu yake. Jumamosi saa mbili asubuhi wanagenzi wote waketi, na wale wanaoosha sufuria zenu, na mpishi wenu Bi. Dolores ambaye nimemwona akila kwa kusimama penye karai tangu vuli. Mpeni kiti. Mngojeni aketi hata kama mayai yatakuwa jiwe. Daftari lisomwe, na malalamiko ya supu yasomwe pia, msiruke. Ule ukurasa wangu… usichomwe. Utundikeni karibu na choo, mwandike chini yake: ametunga Lyle Tostrud, hakuvuka.

Keekee. Ikae mlangoni. Kila Februari atoke mmoja… apime… aandike inchi ngapi. Hata kama hakuna anayevuka. Ninyi ni watu wa desturi, siwezi kuwaacha mikono mitupu. Hiyo ni desturi. Kutoboa kwanza.

Karin, usivae nyeusi, haikupendezi, mama yako alisema. Na… ulikuwa mtoto mwema chini ya meza.

Mungu awape barafu nene, na awape akili ya kuitilia shaka. Awape meza ndefu kuliko idadi yenu. Awape wazee… wanaosema mapema.

Nimechoka sasa. Nasikia harufu ya kile chakula cha bakuli ulichotoa kwenye oveni, Karin, viazi vya juu vimeiva. Usipakue bado. Tuko wangapi? Colby ameketi. Wewe, Karin, buruta kiti, keti. Mimi nimelala, lakini ubavu wangu unagusa mbao… nihesabuni nimeketi. Nani amebaki?

Gordie. Vua koti.

Chakula kinapoa, kaka. Kipoe tu. Sisi tutangoja. Hao saba walingoja siku nne, mimi nimengoja… Huhitaji kusema kitu. Watoto watajua… wakiona umeketi… watajua Jumamosi ni nini.

Hapana, Karin. Usimwite. Ngoja.

Nimefumba macho, lakini masikio… hayo yapo. Sakafu. Viatu vile vizito.

Kiti. Nimesikia kiti.

Haya, binti yangu. Pakua.